Trekta Likiinuka Mbele: Vifaa vya Kumkinga Dereva Anayevuta Mzigo

Msomaji wa mjini huenda akajiuliza ukurasa wa afya una shughuli gani na matrekta. Jibu ni kwamba si wachache kati yetu wenye trekta huko mashambani ilhali sisi wenyewe tuko Nairobi, Thika au Embu mjini. Mtu hununua trekta kuukuu, hulipeleka nyumbani, tuseme Kiambere kule Mbeere, humkabidhi kijana alilimie watu kwa ekari, na jioni hupokea hesabu yake kwa simu. Bei ya dizeli anaijua. Ekari zilizolimwa anazijua. Hajui kama kiti cha dereva wake kina mkanda, wala kama nyuma ya kiti hicho kuna kitu chochote kitakachozuia tani mbili za chuma zisimlalie siku trekta litakapopinduka.

Somo la juma hili ni la mwenye trekta huyo na dereva wake. Tutaangalia vifaa vya kinga vinavyofungwa kwenye trekta linalovuta mzigo mzito, na tutaanzia mahali ambapo wengi hawangetarajia, yaani katika michezo.

MCHEZO WA KUVUTA

Huko Marekani kuna mashindano ya matrekta ambayo kazi yake ni moja tu: kuvuta. Yalianza kupata umbo lake mwaka 1929 katika majimbo ya Missouri na Ohio, na mwaka 1969 kikaundwa chama cha kitaifa cha kuyasimamia. Trekta hufungwa kwenye sleji kubwa ya chuma. Juu ya sleji kuna sanduku la uzito ambalo husogea mbele kadiri sleji inavyokwenda, hivyo mzigo unazidi kuwa mzito hatua kwa hatua hadi trekta linashindwa. Njia yenyewe kwa kawaida ni futi 300, yaani karibu mita 91. Anayefika mbali zaidi ndiye mshindi.

Kenya hatuna mchezo huo. Sisi tuna mashindano ya kulima, na tena tumekuwa wenyeji wa mashindano ya dunia mara mbili, mwaka 1995 na mwaka 2017, yote katika Chuo Kikuu cha Egerton kule Njoro. Katika kulima waamuzi hutazama unyoofu wa mfereji na namna udongo ulivyogeuzwa. Nguvu peke yake haimpi mtu kikombe.

Hata hivyo, kuvuta kwenyewe tunakufanya kila siku, bila waamuzi na bila sheria. Nenda Kiambere, pale milima inapoteremkia bwawa la umeme lililokamilika mwaka 1988, la tano katika msururu wa mabwawa ya mto Tana baada ya Masinga, Kamburu, Gitaru na Kindaruma. Ardhi ni kavu, ina mawe, vichuguu, makorongo na miteremko. Watu wanalima ndengu, kunde, mtama na wimbi, wana miembe na muguka, na miaka ya karibuni wamepanda miti ya mukau kwa ajili ya mbao. Trekta la hapo halilimi tu. Linang'oa visiki vya migunga, linavuta magogo, linakokota trela la maji, na lori likizama kwenye mchanga wa kijito, trekta ndilo linaloitwa. Kazi hizo zote ni za kuvuta, na ni nzito kama zile za mashindano.

Tofauti ni hii. Dereva wa mashindano haruhusiwi hata kusogea kwenye mstari kabla mkaguzi hajapita na kuangalia vifaa vyake vya kinga kimoja baada ya kingine. Dereva wa Kiambere hukaguliwa na nani?

KWA NINI TREKTA HUINUKA

Ili kuelewa vifaa hivyo, lazima kwanza tuelewe kinachotokea. Injini ya trekta inazungusha ekseli ya nyuma, na ekseli inazungusha magurudumu makubwa. Magurudumu yakiweza kuzunguka, trekta husonga mbele. Yakikataa, kwa mfano yamezama kwenye matope au mzigo umegoma kabisa, nguvu ile haipotei. Inatafuta kingine cha kuzungusha, na kilichobaki ni mwili wa trekta lenyewe. Badala ya gurudumu kuzunguka kwenye ekseli, trekta linazunguka kwenye ekseli: pua inainuka, usukani unakuwa mwepesi, na dereva anaanza kutazama mawingu.

Wataalamu wa usalama wa mashamba wamepima jambo hili. Tangu magurudumu ya mbele yaache ardhi hadi trekta lifike mahali ambapo haliwezi tena kurudi, hupita muda usiozidi robo tatu ya sekunde. Kufikia sekunde moja na nusu, limeshalala chali. Mtu mwenye akili timamu na macho mazuri huhitaji karibu muda huohuo wa kwanza ili tu atambue hatari na kuinua mguu. Kwa hiyo msemo wa madereva wengi kwamba "nitakanyaga klachi" au "nitaruka" ni wa kujifariji. Kukanyaga klachi ni jambo la kufanya, naam, lakini lisiwe ndiyo kinga pekee.

Jambo la pili ni mahali mnyororo ulipofungwa. Chini kabisa nyuma ya trekta kuna chuma kinene cha kuvutia ambacho mafundi hukiita drobaa. Kimewekwa chini ya ekseli kwa makusudi. Mzigo ukivutwa kutoka hapo, uzito wake husaidia kushikilia pua chini. Ukifunga mnyororo juu ya ekseli, au kwenye ule mkono wa juu wa kushikia plau, au ukiuzungusha kwenye kiti, umegeuza mambo: sasa mzigo unaivuta sehemu ya juu ya trekta kwenda nyuma. Madereva hufanya hivyo kwa sababu kweli magurudumu ya nyuma hushika ardhi vizuri zaidi kwa kitambo kidogo. Ni kweli, na ndiyo sababu inaua.

Waandalizi wa mashindano wanalijua hilo vyema. Katika madaraja mengi ya matrekta ya kawaida, sehemu ya kufungia mzigo hairuhusiwi kuzidi inchi 20 kutoka ardhini, yaani kama sentimita 50, na mwamuzi huipima kwa futi kabla ya kila mvuto. Zaidi ya hapo, nyuma ya trekta hufungwa vyuma viwili vyenye vigurudumu vidogo au vibao mwishoni. Pua ikiinuka kupita kiasi, vyuma hivyo hugusa ardhi na kulizuia trekta lisiende chali. Tena kuna swichi ya kuzima injini iliyounganishwa na sleji kwa kebo: mzigo ukikatika au mambo yakiharibika, kebo huvutika na injini hufa yenyewe bila kumngojea dereva. Matrekta yenye nguvu kubwa huongezewa vizimba vya vyuma kumzunguka dereva, mikanda, helmeti, nguo zisizoshika moto, na mablanketi mazito ya kuzunguka klachi ili ikipasuka vipande visiruke.

Mengi ya hayo trekta la Kiambere halihitaji. Sidhani kama kuna faida yoyote kumvisha dereva wa kulima ndengu nguo za zimamoto katika joto lile. Yale matatu ya msingi, hata hivyo, yanahamishika moja kwa moja: mahali pa kufungia mzigo, njia ya kuzima injini haraka, na fremu yenye mkanda.

FREMU YA KINGA

Hiki ndicho kifaa kikuu, na kama utasahau mengine yote ya leo, kumbuka hiki. Fremu ya kinga ni vyuma vilivyosimama nyuma ya kiti au kuzunguka kiti, vilivyofungwa kwa bolti kwenye nyumba ya ekseli. Kuna ya nguzo mbili, ambayo ni kama mlango mwembamba nyuma ya mgongo wa dereva. Kuna ya nguzo nne. Na kuna kibanda kizima chenye vioo. Zote zinafanya kazi ileile. Trekta likipinduka, fremu hupokea uzito na kubakiza nafasi ambamo mwili wa dereva haufikiwi na chuma. Mara nyingi pia huzuia trekta lisiendelee kubingirika.

Sweden ilikuwa nchi ya kwanza kulazimisha fremu hizi kwenye matrekta mapya, mwaka 1959, na baadaye ikayafikia hata matrekta ya zamani. Vifo vya kupinduka, vilivyokuwa jambo la kawaida mashambani mwao, vilikaribia kwisha. Wamarekani walisitasita; watengenezaji wao walikubaliana kuziweka kwenye karibu matrekta yote mapya kuanzia mwaka 1985 tu. Taasisi yao ya utafiti wa usalama kazini hukadiria kwamba fremu pamoja na mkanda uliofungwa huzuia karibu asilimia 99 ya vifo vya kupinduka. Dawa yenye uwezo huo hospitalini ingepigiwa foleni.

Sasa tatizo letu. Matrekta mengi yanayonunuliwa na watu wa kipato cha kawaida ni ya zamani, na mengi hayana fremu. Mengine yalikuja nayo ikafunguliwa. Ukikagua trekta kabla ya kununua, ukaona matundu matupu ya bolti juu ya nyumba ya ekseli, muulize muuzaji fremu ilikokwenda. Wengine huifungua kwa sababu inagonga matawi ya miembe. Kwa shida hiyo kuna fremu za kukunjwa, ambazo hulazwa unapopita chini ya miti na kusimamishwa mara tu unapotoka. Ikiwa imelazwa haikingi chochote, na dereva mvivu wa kuisimamisha ni sawa na asiyekuwa nayo.

Usidanganywe na kivuli. Huku kwetu jua ni kali, na mafundi wa jua kali hutengeneza vibanda vya bati na mabomba membamba ambavyo kwa mbali vinafanana na fremu. Kibanda hicho ni mwavuli. Trekta likipinduka kitajikunja kama kopo, na huenda kikamzuia dereva asitoke. Hali kadhalika, usimwendee fundi wa kuchomelea milango akutengenezee fremu kwa paipu za maji. Fremu halisi imepimwa kwa kugongwa na kukandamizwa katika maabara. Chuma chake, unene wake, na hata bolti zake vimechaguliwa. Huwa na kibandiko kinachotaja mtengenezaji, aina ya trekta inayofaa, na kanuni iliyotumika kuipima, mathalani zile za OECD. Kwa hiyo nenda kwa wakala wa aina ya trekta lako, mpe namba ya modeli, na uagize fremu ya modeli hiyo. Hakikisha ni fundi wake anayeifunga, kwa bolti zilizokuja nayo.

Ikishafungwa, iache ilivyo. Usiitoboe ili kutundika taa, usiichomelee ndoano ya jerikeni, na usifunge mnyororo wa kuvutia kwenye fremu hata siku moja, kwani ni ndefu na itaiinua pua upesi kuliko kitu kingine chochote. Iwapo imewahi kupokea mpinduko, imemaliza kazi yake, hainyoshwi, inabadilishwa.

Na mkanda? Hapa kuna kanuni inayowachanganya wengi. Trekta lenye fremu iliyosimama: dereva afunge mkanda kila wakati, maana bila mkanda atarushwa nje ya ile nafasi salama na kuangukiwa na fremu yenyewe. Trekta lisilo na fremu: asifunge mkanda, kwa sababu utamshikilia palepale linapolala. Ndiyo maana kununua mkanda peke yake, kwa vile ni rahisi, si suluhisho. Vitu hivi viwili vinakwenda pamoja kama kufuli na ufunguo.

KULA PEMBENI NA KULA NYUMA

Si mipinduko yote ni ya nyuma. Kiambere, kwa miteremko yake, trekta laweza kwenda pembeni kwa urahisi: gurudumu moja likapanda kichuguu na la pili likaingia shimo la mhanga, mambo yamekwisha. Panua nafasi kati ya magurudumu ya nyuma kadiri modeli inavyoruhusu. Ukilima karibu na korongo au kingamaji, kaa mbali na ukingo kwa umbali usiopungua kina cha korongo lenyewe. Korongo la mita mbili, kaa mita mbili au zaidi, kwa kuwa ukingo hukatika kutoka chini. Barabarani, unganisha pedali mbili za breki kwa kile kipini chake. Ukisahau, ukakanyaga moja kwa ghafla, trekta litajizungusha lenyewe.

Kuhusu uzito wa mbele, kuna kipimo kimoja kinachofaa kukumbukwa. Magurudumu ya mbele yabebe angalau sehemu moja ya tano ya uzito wa trekta, hata baada ya kubeba plau nyuma. Kama plau ikiinuliwa usukani unakuwa mwepesi mno, ongeza vyuma vya uzito mbele, vile vya trekta lenyewe.

Kuna desturi moja ambayo ningependa itoweke kabisa. Trekta likizama, vijana huchukua gogo na kulifunga kwa mnyororo mbele ya magurudumu ya nyuma ili yapate kitu cha kupanda. Gogo likishika ardhi, gurudumu haliwezi tena kuzunguka, na mwanafunzi aliyesoma aya zetu za juu atajua kinachofuata. Chimbeni matope, shusheni mzigo, jaribuni kurudi nyuma. Ikishindikana, liitwe trekta la pili lenye fremu, mnyororo ufungwe chini kwenye drobaa, klachi iachiliwe polepole, na watazamaji wakae mbali kuliko urefu wa mnyororo. Kamba ya nailoni ikikatika hurudi kama mjeledi wenye chuma mwishoni.

SHAFTI INAYOMEZA NGUO

Nyuma ya trekta kuna shafti fupi inayozunguka, ambayo mafundi huiita PTO, inayoendesha mashine za kupura, za kukata nyasi na pampu za maji. Kwa kawaida huzunguka mara 540 kwa dakika. Hiyo ni mara tisa kwa kila sekunde. Kona ya koti, ncha ya leso au uzi uliolegea wa sweta ukinaswa, zaidi ya mita mbili za nguo zinaweza kuviringwa kabla hujasema "ah". Mkono hufuata nguo. Madaktari wa upasuaji wanazijua ajali hizi kwa ngozi iliyovuliwa kama glavu.

Kinga yake ni rahisi kupita zote tulizotaja: bomba la plastiki linalofunika shafti nzima, pamoja na kifuniko cha chuma juu ya mahali inapotokea kwenye trekta. Bomba hilo likishafungwa vizuri husimama hata shafti ikizunguka, likishikiliwa na mnyororo mdogo. Likipasuka, nunua jingine. Na wakati wa kupura ndengu, kina mama na watoto wanapokusanyika karibu na mashine, mtu mmoja awe na kazi moja tu ya kuwazuia wasivuke juu ya shafti.

Kisha kuna jambo la kuwasha na kuzima. Trekta kuukuu likiharibika swichi, dereva husimama chini, kando ya gurudumu, akagusisha bisibisi kwenye staata. Kama gia imesahaulika ndani, trekta huondoka na gurudumu la nyuma linampitia palepale aliposimama. Swichi inayokataa injini kuwaka wakati gia imeingia iliwekwa na kiwanda kwa ajili hiyo, itengenezwe, isirukwe. Vilevile kebo ya kuzimia dizeli, ile inayovutwa kwa kidole, ikatwapo madereva wengi huzima injini kwa kuinyonga na gia. Siku mtu amenaswa na shafti, hakuna nafasi ya kunyonga. Kebo hiyo ndiyo ile swichi ya mashindano katika umbo letu. Watu wa karibu wafundishwe ilipo, siyo dereva peke yake.

Utingo wa kwenye madigadi naye? Fremu ya nguzo mbili imetengenezwa kwa mtu mmoja, mwenye kiti na mkanda. Anayekaa juu ya madigadi hana hata kimoja, na akiteleza anaangukia mbele ya gurudumu la nyuma. Ashuke.

MASIKIO, MGONGO NA USINGIZI

Madhara mengine hayana kishindo. Trekta la zamani lisilo na kibanda likivuta kwa nguvu zake zote laweza kutoa kelele ya desibeli 90 na zaidi. Kanuni za Kenya za mwaka 2005 za kuzuia kelele kazini ziliweka kikomo cha desibeli 90 kwa saa nane kwa siku, na wataalamu wengi duniani husema hata 85 ni nyingi. Dereva anayelima misimu kumi bila kuziba masikio atakuwa akiongea kwa sauti ya juu nyumbani bila kujua. Vizibo vya sponji au vifuniko vya masikio ni bei ndogo. Kiti kilichokufa springi nacho kinapeleka mtikisiko wote kwenye uti wa mgongo. Badala ya kukalia gunia, nunua kiti.

Usingizi nao ni hatari. Mvua za Machi hadi Mei na za Oktoba hadi Desemba ni fupi huku, kila mteja anataka alimiwe leo, na dereva hulima hadi usiku wa manane akitafuna muguka. Muguka humfungua mtu macho, lakini haumrudishii wepesi wa kuamua. Ukiwa wewe ndiye unayepokea hesabu kwa simu, wewe ndiye unayeweza kumwambia alale.

AJALI IKITOKEA

Kwanza, zima injini. Ikiendelea kuzunguka, kila anayekimbilia kusaidia yuko hatarini. Weka mawe na magogo trekta lisisogee. Usilivute kwa mnyororo likiwa juu ya mtu, litamburura.

Aliyebanwa kifua hufa kwa kukosa pumzi katika dakika chache, hivyo huyo huondolewa uzito mara moja. Tumieni jeki na mbao: inueni kidogo, wekeni ubao, inueni tena. Damu ikiruka, bonyeza jeraha kwa kitambaa na kiganja bila kuachia. Ikiwa mkono au mguu umekatika na damu haisimami, funga kitambaa kipana juu ya jeraha, mahali pasipo kiungo, kaza kwa kijiti, na andika saa uliyofunga. Kipande kilichokatika kifungwe kwenye kitambaa safi, kiingizwe ndani ya mfuko wa plastiki, na mfuko huo ndio uwekwe juu ya barafu. Kisiguse barafu chenyewe. Ukishuku nyonga imevunjika, funga leso kwa kukaza kuzunguka nyonga na usimsimamishe.

Kuna hatari moja ambayo watu wengi hawaijui. Mtu aliyelaliwa miguu kwa muda mrefu huweza kuzungumza vizuri, hata kutania, kisha akafa baada ya kutolewa. Misuli iliyopondwa hufa, na damu ikianza kupita tena hubeba potasiamu na sumu nyingine hadi kwenye moyo na figo. Ugonjwa huu ulielezwa vizuri London mwaka 1941, na daktari Eric Bywaters na mwenzake, kwa watu waliofukiwa na nyumba zilizopigwa mabomu. Kwa hiyo ikiwa miguu imebanwa zaidi ya saa moja, na anapumua vizuri, mwiteni tabibu aje na maji ya mshipa kabla ya kuinua, kama anaweza kufika upesi. Baadaye, mkojo wenye rangi ya chai ya rangi ni dalili kwamba figo zinaumia. Hata kama mguu unaonekana mzima, apelekwe hospitali kubwa. Kwa watu wa Kiambere safari ni kupitia Kiritiri hadi Hospitali ya Level 5 ya Embu, na si safari fupi, kwa hivyo piga 999 au 112 mapema na panga gari kabla jeraha halijamalizwa kufungwa. Kidonda chochote kilichoingia udongo kinahitaji sindano ya pepopunda.

MWENYE TREKTA NA SHERIA

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri afunike sehemu za mashine zinazozunguka na zenye hatari. Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini, ya mwaka huohuo, inamtaka awe na bima kwa wafanyakazi wake. Zote mbili hazisemi kwamba mwajiri anayeishi Nairobi amesamehewa, wala kwamba kijana wa kulipwa kwa ekari si mfanyakazi. Mwite wakala wako wa bima umuulize hasa kama dereva wa trekta amo.

Kuhusu fedha, nimesikia hoja kwamba fremu ni ghali. Ni ghali. Hata plau ya diski tatu ni ghali, na hakuna anayeuliza kama inahitajika. Kama mfuko haukubali vyote kwa mara moja, anza na visivyogharimu sana: kufunga mizigo chini kwenye drobaa, kebo ya kuzimia, swichi ya kuwashia, kifuniko cha shafti, vizibo vya masikio. Hivyo vyaweza kukamilika katika juma moja. Halafu agiza fremu na mkanda wake. Kabla havijafika, trekta hilo lifanye kazi za tambarare tu, kulima na kupiga haro. Magogo ya mukau, visiki na malori yaliyozama yasubiri, au yapewe mwenye trekta lenye fremu.